Kaburi Lisilo na Mtu: Kibao cha Arthur Kiendelee Kuwapo Glastonbury

Katika magofu ya Abasia ya Glastonbury, huko Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, kuna mstatili wa nyasi uliozungushiwa mawe, na karibu yake kibao kinachomwarifu mgeni kwamba hapo palikuwa na kaburi la Mfalme Arthur, shujaa wa hadithi za kale za Britania. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, wakiongozwa na Profesa Roberta Gilchrist, walitoa matokeo ya kupitia upya kumbukumbu za uchimbaji uliofanyika hapo kati ya 1904 na 1979. Magazeti yalishika jambo moja tu: Arthur hayupo. Sasa baadhi ya watu huuliza kwa nini abasia iendelee kuwaonyesha wageni kaburi ambalo utafiti haulithibitishi, na kwa nini hadithi zisihamishiwe kwenye duka la zawadi, zikaiachia historia makumbusho na bustani.

Wanaouliza hivyo wana hoja nzito. Hadithi hizi hazikuwapoteza watalii peke yao. Ralegh Radford, mmoja wa wanaakiolojia wenye jina kubwa Uingereza katika karne ya 20, alianza kuchimba hapa mwaka 1951, akatangaza kwamba ameliona shimo ambalo watawa walifukua mwaka 1191 wakatoa mifupa ya Arthur. Timu ya Reading ilipofungua kumbukumbu zake ilikuta shimo lenye kifusi cha kuanzia karne ya 11 hadi ya 15, na hakuna chochote ndani yake cha kulihusisha na mfalme huyo. Radford hakughushi kitu. Alifika akiwa anajua tayari atakachokiona, akakiona.

Lakini malalamiko yanayonigusa zaidi ni yale yanayomhusu Richard Whiting, abate wa mwisho. Tarehe 15 Novemba 1539, mzee huyo aliburutwa hadi juu ya kilima cha Tor, akanyongwa pamoja na watawa wawili, mwili wake ukakatwa vipande na kichwa kikatundikwa kwenye lango la abasia yake. Katika orodha ya kazi za Thomas Cromwell, waziri wa Henry VIII, mfalme aliyekuwa akizifunga abasia za Uingereza, kuna maagizo kwamba abate wa Glastonbury ashtakiwe Glastonbury na anyongwe hapohapo. Hukumu iliandikwa kabla ya kesi. Msomaji anayezifahamu Peramiho na Ndanda, abasia za Wabenediktini zilizo hai, zenye hospitali na karakana zake, anaweza kukielewa kilichozimwa siku ile vizuri kuliko watalii wengi wa Ulaya. Glastonbury nayo ilikuwa ya Wabenediktini, na kwa utajiri ilitanguliwa na Westminster peke yake. Kufungwa kwake kulimaanisha kufungwa kwa mwajiri, mwenye mashamba na mlango wa maskini kwa pamoja. Hayo yote ni kweli tupu, lakini mgeni hupita haraka akitafuta kaburi la mtu ambaye huenda hakuwahi kuishi.

Hata hivyo, wanaotaka kukiondoa kibao wanalichukulia kaburi kama uchafu ulioiangukia historia kutoka nje. Hapo ndipo ninapoachana nao.

Tuangalie kibao kinaonyesha nini hasa. Wengi huchanganya sehemu mbili. Watawa walichimba mwaka 1191 upande wa kusini wa Kikanisa cha Bikira Maria, na huko ndiko Radford alikokwenda. Kibao kiko kwingine, mahali palipokuwa mbele ya altare kuu, na kinahusu mwaka 1278, mifupa ilipohamishiwa hapo. Ugunduzi wa 1191 hukitaja kwa tahadhari, kama jambo lililosemekana. Tukio la 1278 hulieleza bila tahadhari yoyote, na ndivyo inavyostahili.

Mwaka 1184 moto uliiteketeza abasia. Mfalme Henry II aligharamia ujenzi mpya, lakini alifariki mwaka 1189, na mrithi wake, Richard, akili na hazina yake vilikuwa kwenye vita vya msalaba. Miaka miwili baadaye watawa wakafukua gogo la mwaloni lililochongwa, mifupa ya mwanamume na mwanamke, na msalaba wa risasi wenye maandishi yanayosema huyu ni Arthur, na hapa ni kisiwa cha Avalon, ambako hadithi husema Arthur alipelekwa. Gerald wa Wales, aliyeandika habari hiyo muda mfupi baadaye, anasimulia kuwa shungi la nywele za dhahabu za malkia liligeuka vumbi mkononi mwa mtawa aliyelidaka. Msalaba ulieleza mengi mno kiasi cha kutiliwa shaka: kila swali ambalo mgeni angeuliza lilikuwa limejibiwa. Kisha kuna shahidi asiyependeza: William wa Malmesbury, mwanahistoria aliyeijua abasia hii kwa karibu, aliandika mwaka 1125 kwamba kaburi la Arthur halionekani popote, na kwamba ndiyo maana nyimbo za kale husema atarudi.

Hilo la kurudi ndilo lenye uzito. Kwa watu wa Wales, Arthur hakuwa hadithi ya kulalia. Alikuwa ahadi kwamba siku moja mfalme wao angekuja kuwafukuza wavamizi, na mfalme wa Uingereza aliyetaka kuitawala Wales alihitaji afe, afe kwa ushahidi. Gerald anasema Henry II mwenyewe ndiye aliyewadokeza watawa mahali pa kuchimba. Mwezi Novemba 1277, mjukuu wa mwanawe Henry, Edward I, alimlazimisha Llywelyn ap Gruffudd, mkuu wa Wales, kukubali Mkataba wa Aberconwy uliomwachia kipande tu cha nchi. Miezi mitano baadaye, wakati wa Pasaka, Edward alikuja Glastonbury na malkia wake Eleanor. Tarehe 19 Aprili 1278 kaburi lilifunguliwa, mifupa ikatazamwa, ikafungwa upya kwa mikono ya wafalme ikiwa imevikwa vitambaa vya thamani, kisha ikalazwa katika kaburi la marumaru nyeusi. Wales iliposhindwa kabisa mwaka 1283, Edward alikabidhiwa hata kitu kilichoitwa taji la Arthur.

Narudia: miezi mitano. Mfalme anatoka kulivunja taifa kwa silaha, na jambo analoliharakia ni kulizika tumaini lake hadharani, kwa heshima zote za kifalme. Sijui mfano mwingine ulio wazi hivi wa dola kuitumia maiti, tena maiti ya kubuni. Kibao hicho kinasimama mahali ambapo jambo la kweli lilitendeka mbele ya watu. Ukiking'oa kwa sababu mifupa haikuwa ya Arthur, umeondoa pia alama ya siasa ya Edward, na umemfanyia mfalme huyo hisani.

Kuta nazo ziko hivyohivyo. Kikanisa cha Bikira Maria, kilichowekwa wakfu miaka michache tu baada ya moto, kina matao ya duara ya mtindo uliokuwa unapitwa na wakati. Watafiti wa Reading wanaona watawa walifanya hivyo makusudi, ili jengo jipya lionekane la kale na liendane na madai yao. Basi mgeni atakayepewa magofu bila hadithi atapewa kuta asizoweza kuzielewa, kwa kuwa hadithi ilikuwa sehemu ya ramani ya fundi.

Utafiti wenyewe, tofauti na vichwa vya habari, uliongeza zaidi ya ulivyopunguza. Vipande vya mitungi iliyobeba bidhaa kutoka mashariki ya Mediterania vilionyesha kwamba watu walikuwa hapa katika karne ya 5 au ya 6, kabla ya kuwapo kwa abasia. Matanuri ya kioo yalibainika kuwa ya mwisho wa karne ya 7, miongoni mwa ushahidi wa mapema zaidi wa kazi hiyo katika Uingereza ya Wasaksoni. Haya ni makubwa, yanastahili nafasi ya mbele, na hayahitaji Arthur afukuzwe ili yapate pa kukaa.

Bustanini kuna mabwawa ya samaki, miti ya tufaha, shamba dogo la mitishamba karibu na Jiko la Abate, jengo la karne ya 14 ambalo lilisalimika karibu zima. Ipo pia miiba mitakatifu, jamii ya mti inayochanua mara mbili kwa mwaka, mara moja katikati ya baridi. Husimuliwa kwamba Yusufu wa Arimathaya, aliyeuzika mwili wa Yesu, alichomeka fimbo yake ardhini ikachipua. Watawa hawakuisimulia hiyo. Habari ya fimbo inaonekana kwenye maandishi mwanzoni mwa karne ya 18, abasia ikiwa imekufa zamani. Jina la Yusufu lenyewe lilipachikwa kwenye kitabu cha historia cha William wa Malmesbury katika karne ya 13, yeye akiwa kaburini.

Lakini mti huu una tabia moja: ukiotesha mbegu yake, unapata mwiba wa kawaida unaochanua mara moja tu. Ili uendelee lazima tawi libebeshwe kwenye shina jingine, kama wakulima wetu wanavyobebesha miembe. Kwa karne nyingi kumekuwa na mtu wa kuubebesha, hata baada ya askari wa Cromwell wa pili, Oliver, aliyepigana na mfalme katika karne ya 17, kusemwa kwamba waliukata, na baada ya ule wa kilima cha Wearyall kukatwa na mtu asiyejulikana Desemba 2010. Kila Krismasi kitawi chake hupelekwa kwa mfalme au malkia wa Uingereza. Mtaalamu wa mimea anaweza kuueleza bila Yusufu. Hawezi kueleza kwa nini haujatoweka.

Kama kuna la kurekebisha, ni mpangilio. Whiting awe wa kwanza kukutana na mgeni mlangoni, pamoja na yale maagizo ya Cromwell. Kibao cha kaburi kiongezewe mstari kuhusu Aberconwy na Llywelyn, maana bila wao tarehe ya 1278 inaelea. Na kule kusini mwa Kikanisa, alikochimba Radford, pawekwe maelezo ya alichodhani amekiona na kilichokuwamo hasa.