Tiketi kongwe haihitaji "hata kwangu"

Tuseme kuna programu huria ya kuandikia mizigo inayotoka mwaloni, pale boti za samaki zinaposhusha. Karani wa Kirumba, Mwanza, anaandika kilo 1,250 za dagaa, programu inahifadhi kilo 1. Mnunuzi aliyetoka Kongo, ambaye simu yake iko kwenye Kiswahili cha kwao, anaandika mzigo uleule kama 1.250, programu inahifadhi kilo moja na robo. Onyo hakuna, na kitufe cha kuhifadhi kinageuka kijani kama kawaida. Ripoti ya hitilafu hiyo, yaani tiketi, iko wazi tangu 2018. Chini yake kuna maoni thelathini na ushee, na karibu yote ni wimbo mmoja: "Hata kwangu." "Bado ipo?" "Mtarekebisha lini?"

Programu hiyo nimeibuni kwa ajili ya makala hii, ila mitambo iliyo ndani yake ni ya kweli. JavaScript, lugha ya kuandikia programu, ikipewa `parseFloat("1,250")` inarudisha 1, kwa sababu inasoma tarakimu mpaka ikutane na alama isiyoijua, kisha inaacha kimyakimya. Ikipewa `"1.250"` inarudisha 1.25. Na data za CLDR, zinazotumiwa na simu na vivinjari vingi kujua desturi za kila lugha, zinatenganisha Kiswahili cha Tanzania na cha Kongo: huku kwetu mkato unatenga maelfu na nukta inatenga desimali, kule ni kinyume. Mialo yetu inauza dagaa hadi ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo desturi zote mbili zinakutana kwenye mzani mmoja.

Wengi huamini tiketi ya aina hii imelala kwa sababu watunzaji wa programu wana dharau, au hawaijui Afrika. Sikubaliani. Imelala kwa sababu hakuna aliyewapa pa kushika. Maoni thelathini ya "hata kwangu" hayaongezi neno juu ya lile la kwanza. Yanaongeza barua pepe thelathini kwenye sanduku la mtu anayefanya kazi hiyo usiku, bila mshahara. Anayeitatua tiketi kongwe ni yule anayeifupisha, mpaka ibaki mistari michache ambayo mtu wa Oslo au Pune anaweza kuiendesha na kuliona kosa lilelile kwa dakika mbili. Na hapo watu wa kanda ya ziwa tuna kitu ambacho mtunzaji hana hata akikitaka: masharti ya kosa lenyewe. Lugha, simu, mtandao, mzani, vyote viko mikononi mwetu.

Kazi inaanza kwa kusoma, na si msimbo. Soma tiketi nzima, soma na zile zilizofungwa zinazotaja jambo hilo, halafu jaribu upya kwenye toleo la leo. Tiketi ya miaka mingi huwa ni gunia lenye mambo mawili matatu yaliyochanganyika. Katika mfano wetu, nusu ya walalamikaji wangeweza kuwa wanasema habari nyingine kabisa: risiti inayochapishwa na seva inaonyesha 1,250 hata kwa aliyechagua Kongo. Hilo lingekuwa la Node, programu inayoendesha JavaScript kwenye seva. Kabla ya toleo la 13 la mwaka 2019, Node ya kawaida ilikuja na data za Kiingereza tu, na lugha nyingine zote zikaandikiwa namba kwa desturi ya Kiingereza. Seva ikapandishwa toleo, risiti zikanyooka bila mtu kuzigusa. Mtunzaji akajaribu risiti, akaona ziko sawa, akaandika "kwangu inafanya kazi". Karani akajaribu kuingiza namba, akaona mbovu, akakasirika. Wote wawili wanasema kweli, juu ya mambo mawili tofauti. Ukiwatenganisha, nusu ya tiketi imekufa kabla hujaandika mstari hata mmoja.

Kisha andika maelezo upya, mafupi: toleo la programu, toleo la Android na la kivinjari, lugha pamoja na nchi iliyochaguliwa kwenye mipangilio (ukiandika "Kiswahili" tu haitoshi, kwa kuwa sw-TZ, Kiswahili cha Tanzania, na sw-CD, cha Kongo, ndiyo ugomvi wenyewe), ulichoingiza herufi kwa herufi, ulichotarajia, kilichohifadhiwa. Picha ya skrini iwe nyongeza tu, maana atakayetafuta kosa hilo mwakani hataipata kwa maneno yaliyo ndani ya picha. Kiingereza kikiwa cha kuungaunga si neno. Sentensi fupi zenye namba kamili zinaeleweka kuliko barua ndefu ya adabu.

Saa nayo ni mtego wetu wa pekee, na sijaona mwongozo wa kigeni unaoutaja. Mtumiaji wa Nansio, kisiwani Ukerewe, anasema kosa limetokea saa 2 na robo asubuhi. Simu yake inaandika 08:15. Kumbukumbu za seva zinaandika 05:15Z, Z ikiwa ni saa ya kimataifa, UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Hizo zote ni dakika moja. Ukiitafsiri kauli yake neno kwa neno, mtunzaji atapekua kumbukumbu za usiku wa manane, atakuta pametulia, na ataandika kwamba hakuna ushahidi. Andika tarehe na saa kwa mtindo usio na mjadala, 2025-03-04T08:15+03:00, na umalize.

Kama kosa linahusu mtandao, "mtandao unasumbua" si maelezo. Aliye kisiwa cha Ukara anajua maana yake, lakini mtunzaji mwenye waya wa faiba mezani hawezi kulikisia. Mpe namba. Kwenye Linux amri `sudo tc qdisc add dev wlan0 root netem delay 400ms loss 8%` inaifanya intaneti nzuri ichelewe na kudondosha vipande vya data, na `sudo tc qdisc del dev wlan0 root` inairudisha ilivyokuwa. (Jina wlan0 libadilishe kulingana na mashine yako. Na usiisahau hiyo amri ya pili, la sivyo utaamka kesho ukimlaumu mtoa huduma.) Pima kwanza kwa amri ya `ping` hali halisi ya ulipo, ndipo ujaze tarakimu hizo. Kosa lililokuwa la visiwani linaweza sasa kuonekana Oslo.

Sasa bando. Hazina ya msimbo ya mradi mkubwa inaweza kula gigabaiti kadhaa, na `git clone`, amri ya kuinakili kwa git, programu inayotunza historia ya msimbo, ikikatika katikati haiendelei ilipoishia, inaanza upya. Chukua kidogo kwanza, `git clone --depth 1`, halafu ongeza historia kwa vipande, `git fetch --deepen=500`, mara nyingi kadiri unavyohitaji. Kipande kikikatika unapoteza kipande hicho tu. Njia nyingine ni `git clone --filter=blob:none`, inayoleta historia yote bila maudhui ya mafaili; ila hii itaendelea kudai mtandao kila unapohamia toleo jingine, kwa hiyo usiitegemee ukiwa kwenye boti.

Historia inahitajika kwa sababu ya `git bisect`, chombo ninachokithamini kuliko vyote katika kazi hii. Kama toleo la zamani lilisoma namba vizuri na la leo halisomi, usibahatishe ni lini liliharibika. Unaiambia git toleo zima na toleo bovu, inakupeleka katikati, unajaribu, unajibu, inakata tena nusu. Mabadiliko 1000 yanakwisha kwa majaribio kama 10. Ukiwa na hati ndogo ya majaribio (script, faili la amri), `git bisect run ./jaribu.sh` inafanya kazi hiyo wewe ukinywa chai: hati ikirudisha 0 maana yake zima, 1 hadi 127 bovu, isipokuwa 125, ambayo maana yake ni "hili ruka, halijengeki".

Kwenye tiketi kongwe mara nyingi unatafuta kinyume: kosa limekwisha, na unataka kujua badiliko gani lililimaliza ili tiketi ifungwe kwa ushahidi. Hapo maneno "good" na "bad" yanachanganya kichwa, na git inakuruhusu kuweka ya kwako, hata ya Kiswahili: `git bisect start --term-old=bovu --term-new=zima`, kisha unajibu `git bisect bovu` au `git bisect zima`. Angalizo moja linalowaangusha hata wazoefu: ukitumia `run` katika hali hii, 0 bado inamaanisha hali ya zamani. Hati yako lazima irudishe 0 kosa linapoonekana. Ukiliacha hili utapewa jibu la uhakika kabisa, na la uongo.

Rekebisho lenyewe ndilo sehemu fupi. JavaScript haina kisomaji cha namba kinachofuata lugha. Ina kiandikaji tu. Unakitumia kinyumenyume: `new Intl.NumberFormat('sw-CD').formatToParts(1234.5)` inakupa vipande, na ndani yake alama ya maelfu na ya desimali za lugha hiyo. Unaondoa ya kwanza, unageuza ya pili kuwa nukta, ndipo unasoma, na kisichosomeka chote unakikataa badala ya kukimeza. Lakini lugha ya simu haisemi kila kitu. Mkongo aliyeazima simu ya Mtanzania ataandika 1.250 kwa mkono wake wa siku zote, na hakuna hesabu itakayomgundua. Kwa hiyo nasisitiza: alama moja ikifuatwa na tarakimu tatu kamili, programu iulize, "Kilo elfu moja mia mbili na hamsini?" Kuuliza kunachukua sekunde. Na uzito uhifadhiwe kwa gramu, namba nzima, desimali zisiguse hifadhidata.

Utashawishika kurekebisha na shilingi humohumo. Kiwango cha kimataifa cha sarafu, ISO 4217, kinaipa shilingi ya Tanzania tarakimu 2 za senti, na senti mwaloni hazionekani. Ni kweli inaudhi. Ni tiketi nyingine. Rekebisho linalobeba mambo matatu hukaguliwa kwa mwendo wa lile gumu kuliko yote. Weka jaribio linaloshindwa bila rekebisho lako na kufaulu likiwepo, weka saini ya `git commit -s` kama mradi unaidai, na kwenye maelezo andika Fixes pamoja na namba ya tiketi. Kwenye GitHub, tovuti inayohifadhi miradi mingi ya aina hii, neno hilo huifunga tiketi lenyewe, lakini pale tu rekebisho linapoingia kwenye tawi kuu, yaani nakala rasmi ya msimbo. Likiingia tawi la pembeni tiketi inabaki wazi na watu wanaanza kuulizana tena. Na kama wewe ni mgeni kwenye mradi, majaribio ya kiotomatiki yanaweza yasianze mpaka mtunzaji ayaidhinishe. Usianze kubadilisha msimbo ukidhani umeharibu kitu.

Halafu unangoja. Wiki mbili, kumbusha mara moja, kwa kuongeza taarifa: "nimejaribu tena kwenye toleo jipya, kosa lipo, rekebisho bado linashika". Zaidi ya hapo unasumbua, na usumbufu una historia mbaya. Mlango wa siri uliogunduliwa Machi 2024 ndani ya xz, programu huria ya kubana mafaili, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, uliwekwa na mchangiaji aliyepewa dhamana baada ya akaunti kadhaa kumshinikiza mtunzaji aliyechoka kwamba anachelewa, amkabidhi mtu mwingine. Kila ukitaka kuandika "mradi huu umekufa?", kumbuka kwamba sentensi hiyo imewahi kutumika kama silaha.

Lawama zangu kwa upande wa pili ni kwa roboti za kufunga tiketi. Ile maarufu ya GitHub, ikiachwa kwenye mipangilio yake ya mwanzo, inaibandika tiketi alama ya uchakavu baada ya siku 60 za ukimya na kuifunga siku 7 baadaye. Siku 60 ni kama giza mbili za dagaa, yaani vipindi viwili visivyo na mbalamwezi, dagaa wanapovuliwa. Mtu anayekusanya ushahidi wakati wa mbalamwezi tu, wavuvi wakiwa nchi kavu, anarudi na kukuta mlango umefungwa na mashine ambayo haikusoma kitu. Kufunga si dhambi; Mark Shuttleworth aliifunga mwenyewe, Mei 2013, tiketi namba 1 ya Ubuntu, mfumo huria wa kompyuta aliouanzisha, tiketi aliyoifungua Agosti 2004 kulalamikia ukubwa wa Microsoft sokoni, na alieleza sababu. Tiketi ya kosa halisi inastahili walau hilo: mtu, na sababu.

Rekebisho likishaingia, kagua lilipofika. Kuingia kwenye tawi kuu si kufika mwalo wa Igombe. Linasubiri toleo jipya, na simu nyingi za mwaloni hazijisasishi mpaka ziguse waifai ya bure. Thibitisha kwenye toleo lililotoka rasmi, kwa sw-TZ na sw-CD, ndipo uandike namba ya toleo hilo chini ya tiketi.

Zinabaki rekodi za zamani, na hizi husahaulika karibu kila mara. Programu iliyorekebishwa haizirekebishi kilo 1 zilizokwisha kuhifadhiwa. Zitafute kwa kulinganisha uzito na malipo: kilo 1 ya dagaa iliyolipiwa mamilioni inajieleza. Usizidishe zote kwa 1000 kwa amri moja, kwa sababu mbili. Kwanza, wapo walionunua kilo moja kweli. Pili, 1.25 inarudi kuwa 1250 ukizidisha, ila 1 iliyotokana na "1,250" imepoteza zile 250 moja kwa moja. Hazimo tena kwenye hifadhidata. Zimo kwenye daftari la karani, kama bado analo.