Nakala Milioni na Ushee, na Bado Spawn Anasakwa

Mkusanyaji wa komiki hufundishwa mapema kwamba thamani huletwa na uhaba. Kwa kanuni hiyo, toleo la kwanza la Spawn, komiki ya Kimarekani ya shujaa wa jina hilo, lingekuwa limeishia kufungia vitu dukani. Lilitoka Mei 1992, likauza nakala zipatazo milioni 1.7, na wengi walionunua walilitia kwenye mfuko wa plastiki siku ileile wakisubiri utajiri. Utajiri haukufika. Soko la komiki Marekani likaporomoka katikati ya miaka ya 1990, na nakala za toleo hilo bado zimejaa tele. Lakini Spawn anasakwa hadi leo, na kwa maoni yangu sababu ni yeye mwenyewe.

Mtazame tu. Jina lake la awali ni Al Simmons, Mmarekani mweusi, mwanajeshi aliyegeuzwa muuaji wa siri wa serikali, kisha akauawa kwa amri ya mkubwa wake. Huko Jehanamu anafunga mkataba na pepo mkuu Malebolgia: atalitumikia jeshi lake, ilimradi amwone tena mkewe, Wanda. Anarudishwa duniani kweli, ila miaka mitano imeshapita, mwili wake umeungua wote, na Wanda ameolewa na Terry, rafiki yake wa chanda na pete, tena wana mtoto. Anatumia nguvu zake kujirudishia sura ya binadamu; anatokea mzungu mwenye nywele za rangi ya dhahabu. Waliomtuma wana ucheshi mchungu hao.

Nguvu zenyewe zina hesabu. Kwenye matoleo ya mwanzo kuna kihesabio kinachoanzia 9:9:9:9, na kila akizitumia tarakimu zinashuka. Zikiisha, anarudi alikotoka. Sijaona ujanja mzuri kuliko huo wa kumfanya msomaji aone kwamba kila pambano lina gharama. Akimwokoa mtu, amekula akiba yake. Kihesabio hicho kilivyopewa nafasi finyu baadaye, mimi niliona hasara.

Halafu kuna mchoro. Todd McFarlane, mtunzi wake, alimchora ili macho yasipate pa kutulia: joho jekundu linalojaza ukurasa kuliko mwili wa mwenye kulivaa, minyororo inayojipinda yenyewe, macho ya kijani gizani. Vazi lenyewe ni kiumbe hai, kwa hiyo joho likiwa kubwa kupita kiasi hakuna wa kulalamika. Katikati ya ufahari wote huo, tazama uso wake kwenye matoleo ya mwaka 1994 na kuendelea: umepasuka, umeshonwa kwa kamba ya kiatu. Batman ndiye aliyempasua, kwenye komiki waliyokutana mwaka huo. Kamba ya kiatu! Anaishi vichochoroni New York pamoja na watu wasio na makazi, na hicho ndicho kilichokuwa karibu. Kwangu mimi, mshono ule unamweleza mhusika kuliko minyororo yote.

Wakusanyaji waliokomaa hawahangaiki sana na toleo la kwanza la kawaida. Wanatafuta nakala zilizouzwa kwenye vibanda vya magazeti, zenye bakodi (mistari ya kusomwa na mashine ya bei) kwenye jalada, maana wanunuzi wa vibandani walisoma na kutupa. Wanatafuta la 9 la mwaka 1993, alimotokea kwa mara ya kwanza Angela, malaika mwindaji. Zaidi ya yote wanatafuta matoleo ya miaka ya 2000, wakati wasomaji walipopungua na nakala zikachapwa chache. Jarida halikukoma, mwaka 2019 lilifika toleo la 301 na kuweka rekodi ya komiki ya mashujaa inayomilikiwa na mtunzi wake iliyodumu kuliko zote. Aliyewahi kukata tamaa njiani sasa anazinunua kwa bei ya kujuta.

McFarlane mwenyewe anaujua ugonjwa huu. Mwaka 1999 alilipa takriban dola milioni 3 kwa mpira wa besiboli ambao Mark McGwire alikuwa ameupiga kuweka rekodi ya home run 70 (mipigo ya kuuvusha mpira nje ya uwanja) katika msimu mmoja. Mwaka 2001 mchezaji mwingine, Barry Bonds, akaivunja kwa kupiga 73. McFarlane akaja kuununua na ule pia, kwa dola 450,000.

Sina ugomvi na anayepeleka nakala yake ikapewa alama ya ubora wa hali yake na kufungiwa kwenye kasha gumu la plastiki. Ila kumfungia Spawn humo ni kujinyima, kwa sababu uzuri wake uko kurasa za ndani, pale joho linapovuka mpaka wa picha moja na kuingia nyingine. Anayeanza asikimbilie la kwanza. Atafute la 5, ambamo Spawn anammaliza Billy Kincaid, muuza aiskrimu aliyekuwa akiua watoto. Mauaji yake yanatisha, na msomaji anajikuta ameridhika kabla hajajiuliza kama ilikuwa haki. Halina bei ya kutisha, na lililokunjwa pembe ni rahisi zaidi.