Daktari akisema "punguza wanga," nani anafuatilia?

Tanzania hakuna daktari aliyejadiliwa vijiweni kwa habari ya chakula kama Profesa Mohamed Janabi, bingwa wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kisha Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na mwaka 2025 akachaguliwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani (WHO) Kanda ya Afrika. Ushauri wake wa kupunguza sukari, wanga na idadi ya milo ulizaa vichekesho vingi mitandaoni. Lakini wapo walioanza kuutazama kwa mashaka ule mlima wa ugali uliozungukwa na mchicha kiduchu.

Wanaotetea tiba ya mtindo wa maisha, yaani kutibu kwa kubadili mlo, mazoezi na usingizi, hawapigi ramli. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Kundi lililopunguza uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki lilipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58. Waliopewa metformin, kidonge cha kisukari, asilimia 31. Uingereza nako, katika utafiti wa DiRECT, asilimia 46 ya wenye kisukari aina ya pili waliopewa mpango wa kupunguza uzito walikuwa na sukari iliyotulia bila dawa baada ya mwaka mmoja.

Sasa tuangalie walivyofanya, maana hapo ndipo mjadala wetu huruka. Wale Wamarekani walikaa ana kwa ana na mshauri kwa masomo 16. Waingereza waliacha chakula cha kawaida kwa miezi mitatu hadi mitano, wakaishi kwa supu na vinywaji maalumu, huku muuguzi au mtaalamu wa lishe akiwafuatilia. Pamoja na yote hayo, mwaka wa pili ile 46 ilishuka hadi 36.

Kwetu mgonjwa anapanga foleni tangu alfajiri, anapimwa presha, anaambiwa "punguza chumvi, fanya mazoezi," anapewa vidonge na tarehe ya kurudi. Huo ni ushauri mzuri, ila tusiuite tiba. Na asipopungua uzito, lawama ni zake: hana nidhamu. Mlinzi anayekesha getini usiku kucha, akiambiwa alale vya kutosha, alale saa ngapi?

Kisingizio cha umaskini nacho kina mipaka yake. Soda na chipsi si chakula cha fukara kuliko maharage, dagaa na mchicha, na kupunguza chumvi mezani hakugharimu kitu.

Kinachonitia hofu ni wanaochukua nusu ya ushauri. Mtu anameza glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari, asubuhi, kisha anafunga mpaka jioni kwa sababu amesikia kufunga kunaponya. Dawa ile inaendelea kuisukuma sukari chini hata tumbo likiwa tupu: jasho, mikono kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Mwenye kisukari aina ya kwanza akiacha insulini hali ni mbaya zaidi, mlo wowote haumwokoi. Kwenye DiRECT dawa za sukari zilisitishwa tangu mwanzo, lakini na wataalamu, chini ya uangalizi.

Kwa hiyo naiunga mkono tiba hii kwa sharti kwamba itolewe kama dawa nyingine: ina kipimo, ina tarehe ya kurudi, na kuna anayeuliza umefikia wapi. Muuguzi mmoja na kikundi cha wagonjwa kinachokutana siku ya kliniki ni mwanzo tosha. Na anayetaka kuanza kesho aende na vidonge vyake mkononi, aulize: nikipunguza kula, hivi navyo vipungue kwa kiasi gani?