Sakura: mi nasubiri siku ya kudondoka

Ukiniuliza siku gani nzuri ya kwenda kuangalia sakura, yale maua ya micheri, Japani, sikwambii siku mti umejaa maua, nakwambia subiri siku chache baadae yakianza kudondoka. Najua wengi mtabisha, picha zote za mtandaoni ni za miti imejaa, lakini simama chini yake upepo upite, petali zishuke zote kwa mpigo, utanielewa. Wajapani wana neno lake kabisa, hanafubuki, yaani tufani ya theluji ila ni ya maua, na zikishaanguka mtoni zikatanda juu ya maji zinaitwa hanaikada, chelezo cha maua. Watu wenye neno la ua linaloanguka na neno jingine la ua lililokwishaanguka, hao wamelitazama kwelikweli.

Halafu kuna kule kusubiri. Pale kwenye hekalu la Yasukuni, Tokyo, kuna mti mmoja ambao watu wa hali ya hewa wanaenda kuukagua, wakihesabu maua matano au sita yamefunguka basi inatangazwa sakura imeanza Tokyo, na kamera za TV zipo hapohapo. Maua matano tu! Kama wiki hivi baadae mitaa mizima imejaa, maana sakura nyingi za mjini ni aina ya Somei Yoshino na hiyo haioteshwi kwa mbegu, ni ya kubebesha, yaani kikonyo kinaungwa kwenye shina jingine, kila mti umetokana na mti uleule mmoja kwahiyo joto likifika inaamka pamoja.

Hapo ndo hanami sasa, yaani kwenda kutazama maua, watu wanatandika maturubai ya bluu chini ya miti, wanakula, wanakunywa, kuna sakura mochi, ule mchele wa kunata wenye maharage matamu ndani, umefungwa na jani la sakura la chumvi na jani unakula nalo. Zamani ilikuwa starehe ya wakubwa wa ikulu mpaka miaka ya 1720 shogun (mtawala wa kijeshi) Tokugawa Yoshimune akapandisha miti kwenye kilima cha Asukayama ili wananchi wa kawaida nao wakae. Huyo nampenda bure.

Kinachoniuma ni joto. Kyoto wana kumbukumbu kwenye shajara za tangu 812, na 2021 maua yalijaa tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote ulioandikwa humo kabla yake. Shule zao zinafungua mwezi wa nne, mzazi anataka picha ya mwanae wa darasa la kwanza chini ya maua, na Tokyo miaka mingine wakifika getini wanakuta majani mabichi.