Mashine ya Mjomba Ilipowashwa Ngamiani

Mjomba wangu wa Houston alimsikia bibi akilalamika kwenye simu kwamba masika ya Tanga hayaachi kanga ikakauka, zote zinanuka uvundo. Mtu mwingine angetuma kanga nyingine. Mjomba akatuma mashine ya kukaushia nguo, kubwa kama kabati la harusi. Ilipofika Ngamiani juu ya lori, watoto wa mtaa waliisindikiza wakidhani ni friji la soda.

Plagi ilikuwa na miguu minne. Soketi zetu matundu matatu.

"Mwiteni fundi," akasema bibi.

Fundi wetu ni bingwa wa pasi na feni, na tangu azaliwe hajawahi kusema hajui. Akasoma kibandiko: volti 120/240. "Umeme wetu 230," akasema. "Imepungua kumi tu, mashine yenyewe haitajua." Akaikata plagi kwa koleo. Zikatoka nyaya nne: nyeusi, nyekundu, nyeupe na kijani.

"Nyeusi ni nyutro, waya wa kurudisha umeme," akatangaza. Kwenye nyumba zetu za zamani ni kweli. Nikampigia mjomba video, kwao alfajiri, macho hayajafunguka.

"Nyeusi na nyekundu zote ni za moto, zinaleta umeme! Nyeupe ndiyo nyutro, kijani athi ya kwenda ardhini. Huku hizo mbili za moto zinafungwa kwenye breka ya dabo poli, swichi ya kukata nyaya mbili. Lakini sikilizeni, msi..."

Bando likakata. Bando huwa linasubiri neno "lakini".

"Dabo poli ninayo," akasema fundi, akatoa ya ampea 32 mfukoni. "Hii, bibi, inakata moto na nyutro kwa mpigo."

"Ikikata vyote, mie nabaki na nini?"

"Usalama, bibi."

Na kwa kuwa nyumba yetu ina waya mmoja tu wa moto, akazisokota nyeusi na nyekundu pamoja, akazifunga hapo. Akawasha. Mashine ikanguruma, kanga zikazunguka. Bibi akafungua mlango, akapapasa.

"Mbona baridi?"

"Haijapata moto bado." Akawasha tena.

Moto ulipatikana, ila wa mota. Moshi ukatoka chini. Fundi alifika uani kabla yake. Aliyezima breka ni bibi, kwa mwiko wa pilau.

Tuliponunua bando, sauti ya mjomba ikaingia: "...msiziunge pamoja! Huku transfoma imegawanywa katikati. Kila waya wa moto ni volti 120 ukipima na nyutro, 240 unaipata kati ya hizo mbili. Hita inataka hizo mbili, mota inataka mmoja na nyutro!"

Kumbe hita ilishikwa ncha zote mbili na moto ule ule, kwa hiyo hakuna umeme uliopita ndani yake. Mota iliyozoea 120 ikabugia 230. Kilichotakiwa kuchemka kikapoa, kilichotakiwa kupoa kikaungua.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. "Si ndicho nilichosema?" Kisha akadai hela ya ufundi. "Bibi, kuzunguka si zimezunguka?"

Bibi akamtwika beseni zima la kanga mbichi zinazonuka moshi. "Kazianike kwako, baba. Zikikauka, njoo uchukue hela yako."