Kahawa ya Maskati: toleo la mhusika mwenyewe

Sasa kwa kuwa huyu mtu wa Tanga keshairusha habari yangu ya kunyweshwa kahawa ugenini Maskati kwenye grupu la wabeba maboksi wa Ghuba, tena kwa kuongeza chumvi mpaka hailiki, acha na mimi niongee. Kwanza sikumaliza dele zima, yaani birika la kahawa, peke yangu. Pili sikulia. Macho yalitoa maji, iliki ilikuwa nyingi.

Yule kijana wa kazini kwetu mnamjua, Mwomani, mpole, anapiga Kiingereza chake na mimi napiga changu tunaelewana hivyo hivyo. Ndo huyo katualika kwao Seeb, hapa hapa Maskati, Ijumaa baada ya swala, tukale cha mchana. Mimi mtu wa Mwanza, mwaliko wa chakula huwa sijadili.

Tumefika, viatu mlangoni, tukaingizwa majlis, sebule yao ya wageni, mazulia na mito, tukakaa chini. Baba mwenye nyumba, mzee wa kanzu nyeupe na kofia ya kushona kwa mkono, akatupa salamu ya Kiarabu ndeeefu, mtu wa Tanga akaijibu yote, mimi nikadakia kwenye "salaam" basi. Baada ya hapo mzee kimya. Mbele yake sinia la haluwa, ile ya Oman yenyewe, nyeusi inang'aa, zafarani, samli, lozi juu, na mimi nipo upande wa pili wa zulia naiona tu. Ukutani kuna picha kubwa ya Beit al-Ajaib ya Unguja. Nimeiona kwa macho haya haya, nikajisemea kumbe mzee anapenda utalii.

Kijana akaja na dele mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia, vile vidogo visivyo na mkono, anakumiminia mafunda mawili. Nikanywa. Akamimina. Nikanywa. Akamimina. Mimi najua ukinywa ukamaliza na mwenyeji akaona kikombe kitupu, si anajua mambo yameisha? Kumbe pale kitupu mkononi maana yake ongeza, na anayemimina hakai chini mpaka mgeni atosheke, yaani mimi na yeye wote tulikuwa mateka wa dele moja. Nikajaribu adabu, nikasema shukran. Akasema afwan, akamimina.

Mtu wa Tanga alishakunywa vyake viwili vitatu, sijui kafanya nini na mkono, kijana akachukua kikombe chake na hakumsumbua tena. Alikuwa amekaa anakula tende, uso mkavu. (Huyu ndo rafiki yangu jamani. Huyu ndo niliyemuandika kama mtu wa kupigiwa simu nikipata ajali.)

Hapo ndo nikaanza kumuongelesha kwa Kiswahili, kwa raha zangu zote, sauti ya kawaida, maana nani atasikia.

Nikasema, "Oya, huyu dogo ana ugomvi na mimi? Au wanamlipa kwa kikombe?"

Mtu wa Tanga: "Kunywa tu kaka." Sasa naelewa kwa nini alikuwa anaangalia zulia.

Nikasema, "Na huyu mzee ananikagua macho yote hayo, ana binti nini, anataka kunipima pumzi kwanza?"

Kimya. Pazia la mlango wa ndani likatikisika kidogo. Nikajua ni AC.

Nikasema, "Na hiyo haluwa kaikumbatia, anadhani hatuioni."

Sasa hapa naomba twende taratibu, maana hapa ndo toleo la mtu wa Tanga linapotosha umma. Yeye anasema nilisimama. Sikusimama. Nilikuwa nimekaa, moyo unadunda mpaka nauona kwenye shati, jasho linanitoka kama niko kwenye daladala ya Mbagala saa kumi na moja jioni, na vidole vya mkono wa kulia vimeanza kutetemeka vyenyewe kwa ajili ya ile kahawa. Vinatetemeka na kikombe kimo. Kijana akatazama kikombe, akatabasamu, akakichukua taratibu, akaondoka na dele lake.

Nikashusha pumzi, nikajinyoosha kwenye mto, nikatamka maneno haya kwa ukamilifu wake: "Afadhali imeisha, nilidhani huyu mzee kachimba kisima cha kahawa humu ndani."

Mzee akajikohoza. Akaweka kiganja kwenye goti. Akanitazama kwa upole ambao ningependelea anizabe kofi. Na kwa Kiswahili cha Unguja, kile cha taratibu, cha mtu aliyelelewa nacho, akasema:

"Haijesha, mwanangu. Umetikisa kikombe, ndo maana kakiondoa."

Jamani.

Mimi mdomo wazi. Mtu wa Tanga kaweka kiganja usoni, mabega yanacheza. Mzee bado hajamaliza, alikuwa ananijibu kwa mpangilio, akalisukuma sinia mpaka magotini pangu. "Na haluwa hii hapa, mbona hukuomba." Akatulia. Nikaanza kuomba ndani kwa ndani, baba ishia hapo, nakuomba ishia hapo. Akaendelea, "Na mabinti zangu wote wana waume, alhamdulillahi."

Pazia likapasuka kwa kicheko, wanawake kama wanne watano huko ndani, na sauti ya bibi mmoja ikapenya, "Mwacheni mtoto wa watu, kesha kufa na kahawa!" Nyumba nzima, nyie. Nyumba nzima ilikuwa inanisikiliza tangu kikombe cha kwanza.

Mengine nayapitisha haraka. Mzee mzaliwa wa Malindi, Unguja, alitoka huko mdogo baada ya mapinduzi ya 1964, na familia ikahamia Oman miaka ya sabini, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi. Maskati imejaa watu wa hivyo, kila mtu analijua hilo isipokuwa mimi, na mtu wa Tanga analijua kuliko wote maana mzee huyo huwa wanakutana msikitini. Nilishikana naye mikono, nikaomba radhi, tukala wali na nyama mpaka basi, mzee kacheka mpaka kavua kofia akajifutia macho. Nimefungiwa na haluwa ya kwenda nayo. Usingizi sikuuona mpaka adhana ya alfajiri.

Lakini kinachoniuma mpaka sasa hivi navyoandika ni yule kijana. Kumbe anasikia Kiswahili chote, ila kukiongea ndo anaona haya. Kazini tumekaa naye stoo muda wote huu, nasema mambo. Mishahara, bosi, manukato yake anayojipulizia. Manukato, jamani.

Mzee kasema Ijumaa ijayo nirudi, bibi anapika pweza wa nazi. Sasa wa pwani nisaidieni kabla sijaenda: pweza akizidi unatikisa nini?