Kamba Ikifunguliwa, Kila Mtu na Lwake

Kamba ikiwa shingoni, mbwa wangu Risasi ana adabu kuliko watoto wangu wote. Nikisema kaa, anakaa. Nikisema njoo, anakuja mkia unatikisika, macho chini, heshima tele, utadhani anakuja kuposa. Wapita njia wanasimama: "Aisee, huyu mbwa kafundishwa!" Nami navimba kichwa. Sasa hebu fungua kile kindoano cha kamba uone. Kikilia tu "ka!", humpati tena. Unabaki na kamba mkononi na jina mdomoni.

Na msije mkaniambia hasikii. Mbwa anasikia mlio wa hadi hertz 45,000 hivi, yaani mitetemo kwa sekunde, mimi na nyie tunaishia 20,000. Mwaka 1876 Mwingereza mmoja, Francis Galton, alishatengeneza filimbi ya mlio mwembamba ambao mbwa anausikia na mpulizaji mwenyewe hausikii. Huyu huyu Risasi akiwa amelala nyuma ya nyumba, fungua mfuko wa nyama jikoni, tena polepole kama mwizi, ukigeuka yuko miguuni. Kwa hiyo masikio yako salama. Ni dharau tu.

Jina lenyewe limeniletea maneno. Mimi nilifikiria kasi. Mzee mmoja mwindaji, ambaye ndiye mwalimu wetu, mimi na mbwa, alipolisikia alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. "Mwanangu, uliwahi kuona wapi risasi ikarudi?"

Kinachoniuma ni kwamba alianza vizuri. Kitoto cha mbwa cha wiki nane hakikuachi. Nikienda uani yupo, nikienda chooni analia mlangoni. Nilikuwa namtembeza bila kamba kabisa, naita mara moja tu, anakuja mbio mpaka anajikwaa kwa masikio yake. Nikawa nawacheka wenye mbwa watoro. Mzee akaniangalia tu, akasema, "Huyo hakutii, anaogopa kupotea. Ngoja amalize kuota meno." Meno ya utoto yako 28, na yote yalifanyia mazoezi kwenye viatu vyangu, mguu wa kushoto tu, sijui wa kulia ulimkosea nini. Yalipoanza kung'oka nikashukuru Mungu. Kumbe yanapisha mengine 42.

Basi miezi sita ikafika, na mheshimiwa akagundua kuwa dunia ina mambo. Nikiita, anageuka, ananitazama vizuri kabisa, anahakikisha ni mimi, halafu anaendelea na safari yake.

Mnajua nini? Kumbe ni jambo linalojulikana. Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo yao: mbwa wa miezi minane, yuko kwenye kubalehe, akiambiwa "kaa" anamkaidi yule anayemlea, ila mgeni akimwambia hana shida. Someni tena. Anayemlea! Mimi ninayeamka usiku, ninayempeleka chanjo, ninayetembea na vipande vya nyama mfukoni mpaka siafu wananifahamu. Halafu jirani yangu, ambaye hajawahi kumpa hata mfupa, anapita zake na simu sikioni, anasema "kaa hapo wewe" bila hata kumwangalia, na Risasi anakaa! Anakaa na kumsindikiza kwa macho! Jirani akanipigia saluti. Siku hiyo nililala mapema.

Watu husema tumia zawadi, kila akija mpe kitu. Natumia. Tatizo ni kwamba huyu ni mbwa wa kuwinda, na mshahara wangu una mshindani. Pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu hadi milioni 300, yangu ina kama milioni sita. Mimi naona nyasi, yeye anaona sungura aliyepita jana usiku, alikotokea na alikokuwa anaelekea. Na akishaanza kumkimbiza, haina haja amkamate. Mbio zenyewe ndizo malipo. Sasa mimi na kipande changu cha nyama kilichokaukia mfukoni tunafika wapi? Pavlov, yule mtaalamu wa Urusi aliyeonyesha mbwa anavyojifunza kwa chakula, namheshimu sana, kachukua tuzo ya Nobel mwaka 1904, japo ilikuwa kwa mambo ya usagaji wa chakula. Lakini mbwa wake walikuwa wamefungwa kwenye kiunzi ndani ya maabara. Angewafungulia kwenye majani yenye kware ndipo tungeongea.

Mzee akaleta kamba ndefu, mita kumi. Hii unaifunga kwenye mkanda wa kifuani, siyo shingoni, maana akifika mwisho wa kamba akiwa kwenye kasi shingo itaumia. Unaiacha iburuzike chini. Mbwa anajiona huru, wewe unajua siri. Akikaidi, unaikanyaga. Neno lenyewe ni kukanyaga, usiidake kwa mkono; viganja vyangu vinaweza kuwaeleza kwa nini. Na kabla ya kukanyaga angalia kwanza haijazunguka mguu wako mwingine. Hilo mzee hakulisema. Aliona niligundue nikiwa hewani.

Halafu kuna namna ya kumwita. Sauti ya ukali haitakiwi. Inatakiwa sauti nyembamba, ya furaha, na wakati unaita usimfuate, ukimfuata anadhani mnacheza kukimbizana. Wewe ndiye ukimbie. Umgeuzie mgongo ukimbie, ikibidi uchuchumae upige makofi. Hebu nitazameni: mtu mzima mwenye kitambi, uwanjani asubuhi, anakimbia kinyumenyume huku analia "njoo njoo njoo, jamani njooo!" kwa sauti ya kasuku. Mbwa amekaa kule mbali anatazama. Watoto wa mtaa wamekaa pembeni, nao wanatazama. Kuna mmoja alikuja akanishika mkono, akidhani ni yeye anaitwa.

Na sheria inayonimaliza kabisa ni hii: akirudi, hata amechelewa vipi, hupaswi kumgombeza. Juzi alitoroka na kamba yake, nikamfuata mpaka kwenye michongoma. Suruali ikachanika kuanzia mfukoni hadi gotini, nyama zikamwagika, siafu wangu wakapata sikukuu. Nimekaa kwenye kisiki natoa mwiba kisiginoni, namtungia hotuba. Akatokea mwenyewe nyuma yangu, ulimi nje, matope mpaka kwenye kope, akanipumulia shingoni. Nikanyanyua mkono. Mzee akakohoa. "Ukimchapa sasa hivi, hatajua anachapwa kwa kukimbia. Atajua anachapwa kwa kurudi."

Basi nikacheka. Mwiba bado uko ndani, damu inatoka, mimi natoa meno: "Mbwa mzuri! Ooh, mbwa mzuri sana! Umerudi kwa baba!" Nikampapasa, nikaokota kipande cha nyama kilichosalia kwa siafu, nikampa. Nyumbani mama watoto alipoambiwa habari hiyo alisimama mlangoni na mwiko. "Yaani huyo kapotea mchana kutwa akapokelewa hivyo? Mimi nikichelewa kidogo tu kikao cha kikundi, naulizwa nilikuwa na nani." Sikuwa na la kujibu. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu.

Filimbi sasa ndiyo tunayo. Vipulizo vifupi vifupi maana yake rudi. Kimoja kirefu, simama na ukae hapo ulipo. Inasaidia, nisiseme uongo, kwa sababu filimbi haina hasira, haikwaruzi, na haiwezi kuongeza matusi mwishoni. Ila mzee amenikataza kuipuliza pale ninapojua hatarudi. Ukipuliza mara kumi ndipo aje, umemfundisha kwamba tisa za kwanza ni kelele za mtaani. Kwa hiyo siku nyingi natembea na filimbi mdomoni kimya, nasubiri wakati wa uhakika. Wanaonisalimia nawajibu kwa kichwa.

Wiki hii tumeanza somo lingine, kumzoesha mlio wa bunduki. Hauanzi na bunduki, la hasha, mbwa anaweza kuogopa maisha yake yote. Unaanza na sauti ndogo, mbali, wakati anakula, kisha unasogea siku hadi siku. Watoto wangu, ambao kufagia uwanja kunawashinda, kwa kazi hii wamejiandikisha wote na kugawana zamu. Saa ya chakula cha Risasi mmoja anajificha nyuma ya nyumba na mifuniko ya sufuria. Paa! Risasi hainui hata kichwa, anaendelea kulamba bakuli. Anayeruka ni mimi. Na wameshasogea mpaka dirishani.